Vinavyokula Vikiwa Vimelala

Nyumba yetu ya Ngamiani ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ina mita moja tu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mama anakaa chumba cha mbele, mimi na wanangu wawili tuna vyumba viwili, na vitatu vilivyobaki wanakaa wapangaji: mwalimu mmoja na mkewe, na kijana fundi cherehani ambaye hana friji lakini ana sabufa. Mita moja kwa kaya tatu ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa nyumba za kupanga mjini Tanga. Nusu nyingine ni zamu ya kufagia choo.

Ugomvi wetu ulianza na pasi. Umeme uliisha usiku wa Jumapili, siku tisa tu baada ya kuchanga, na kila aliyetoka chumbani kwake gizani alimtazama mke wa mwalimu, kwa kuwa ndiye anayepiga pasi kila alfajiri kabla mumewe hajaenda kazini. Pasi inaonekana na inanukia. Mwanga wa taa hufifia kidogo inapopata moto. Hakuna mtuhumiwa anayefaa kuliko pasi. Mwanamke yule hakujibu kitu, lakini asubuhi yake mwalimu alitoka na shati lenye makunyanzi, na mimi niliona haya, kwa sababu kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi na ninajua vizuri aibu ya kumshuku mtu kabla ya kujumlisha.

Nikajumlisha. Pasi yake ni ya wati 1,000 na huwaka robo saa kwa siku, maana yake ni robo ya uniti, kwa kuwa uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa siku 26 za kazi inafika uniti sita na nusu. Nikafungua ujumbe wote wa manunuzi ya umeme uliokuwamo kwenye simu yangu na ya mwalimu, nikapata kwamba nyumba nzima inatumia wastani wa uniti 98 kwa mwezi. Friji mbili, feni nne, taa, luninga: nilivipigia hesabu vyote kwa ukarimu na bado kulikuwa na pengo lisilo na mwenyewe. Katika vitabu vya duka, pengo la namna hiyo huitwa upotevu, na bosi wangu hulala vibaya siku anapoliona.

Kabla sijaeleza tulivyolitafuta, ni lazima niseme kwa nini uniti ishirini na kitu ni jambo kubwa kwetu, maana mtu anayeishi penye bei moja kwa kila uniti anaweza kutuona wachoyo. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida hulipa shilingi 292. Ongeza asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji), mdogo analipa shilingi 122 na wa kawaida analipa kama 356. Ndiyo sababu mtu wa kundi la kawaida akinunua umeme wa elfu kumi hupata uniti 28, na wa kundi la chini huweza kupata uniti 75 kwa shilingi 9,150. Akizizidi hizo 75, kila uniti ya ziada inamgharimu shilingi 350 kabla ya kodi, na wastani wake ukiendelea kuwa juu, anahamishwa kundi. Nyumba yetu ilikuwa kundi la chini enzi za marehemu baba, wakati kulikuwa na taa tano na redio. Tulipohamishwa hatukujua hata mwezi gani. Tulichosikia ni watu wakilalamika kwamba umeme umepanda. (Tangu kodi ya jengo ianze kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, kila anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi hulalamika vivyo hivyo, na sasa hata mwenye hesabu nzuri hajui tena anacholalamikia.)

Kwa hiyo uniti ya 76 si sawa na uniti ya 40. Nyumba yenye wastani wa uniti 98 iko uniti 23 juu ya mstari, na kwa ajili ya hizo 23 inalipia zile 75 za chini karibu mara tatu ya bei. Hapo ndipo upotevu mdogo unapoacha kuwa mdogo.

Mita yetu iko ukumbini, juu ya mlango wa chumba cha mama, na ina taa ndogo nyekundu inayomweka. Pembeni mwa taa hiyo pameandikwa kwa herufi ndogo sana: 1000 imp/kWh. Nilikaa na mita hiyo miaka kumi bila kuyasoma maandishi hayo. Maana yake ni kwamba taa ikimweka mara elfu moja, uniti moja imekwisha. Kwa hesabu hiyo, chukua 3,600, igawe kwa idadi ya sekunde kati ya mmweko na mmweko, utapata wati zinazotumika wakati huo. Taa ikimweka kila sekunde moja, nyumba inatumia wati 3,600. Ikimweka kila baada ya dakika moja, ni wati 60. Si kila mita ina namba hiyo. Ziko za 800, za 1600 na nyinginezo, na mtu lazima asome ya kwake kabla ya kugawa. Hakuna kifaa cha kununua. Anachohitaji mtu ni saa ya simu na uvumilivu.

Tulipima usiku wa Jumamosi, saa nne. Niliwaomba wote wazime kila kitu kama wanavyozima siku zote wanapokwenda kulala, si zaidi, kisha nikachomoa friji zote mbili na gadi zake, vile vifaa vya kuzilinda na umeme mbovu, kwa muda ili zisituvuruge. Feni zilizimwa, taa zilizimwa, na sote tukasimama ukumbini gizani tukiitazama mita kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Taa ikamweka. Mwalimu akabonyeza simu. Mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba tulimsikia muuza kahawa akigonga vikombe vyake barabara ya pili. Taa ikamweka tena, na mwalimu akasoma: sekunde 100.

Mama, aliyekuwa amekalia kigoda chake, akauliza, “Si mmezima vyote nyie? Sasa hiyo yala nini?”

Ilikuwa inakula wati 36. Nyumba iliyolala, isiyo na taa wala feni wala friji, ilikuwa na kitu kinachovuta umeme sawasawa na taa nne za LED za wati tisa zilizoachwa zikiwaka. Nikapiga hesabu hapo hapo kwenye kikokotoo cha simu: wati 36 kwa saa 24 kwa siku 30 ni karibu uniti 26, ambazo kwa bei yetu ni kama shilingi 9,200. Nilirudia mara mbili kwa sababu nilidhani nimekosea. Gharama ya vitu tulivyoamini tumevizima ilizidi kidogo zile 9,150 anazolipa mteja wa kundi la chini kwa umeme wake wote wa mwezi.

Mwalimu, ambaye anafundisha hisabati na asiyeweza kuiacha hesabu ya mtu mwingine ipite, akasema kwa upole, “Dada, hapo umezidisha. Saa za luninga kuwaka hazihesabiki kuwa upotevu.” Alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba vitu vingi vile hukaa bila kazi kama saa 19 kwa siku, na uniti 26 zikashuka hadi 20 na nusu. Bado ni zaidi ya mara tatu ya pasi ya mkewe. Hakusema hilo, mkewe ndiye aliyelisema, kwa sauti ya kutosha.

Kisha tukaanza kuchomoa kimoja kimoja. Tulipochomoa sabufa ya fundi cherehani, sekunde 100 zikawa 120, yaani wati sita zimeondoka. Tulipochomoa king'amuzi, zikawa 180, yaani wati kumi nyingine. Luninga ya zamani ya mama, ile yenye mgongo mkubwa, ilikuwa na wati tano. Maikrowevu yangu, ambayo kwa muda wote ilipokuwa imekaa bila kutumika ilikuwa inaonyesha saa isiyo sahihi, ilikuwa na tatu. Zikabaki wati 12. Mwalimu alipochomoa rauta yake tulisubiri mmweko uliofuata mpaka robo saa ikapita. Mama alishakwenda kulala, watoto walishachoka, na taa haikumweka. Kilichobaki, luninga mbili bapa na chaja za simu, hakikufika wati nne, au kilikuwa kidogo kiasi kwamba mita yenyewe haikihisi, maana mita hizi zina kiwango cha chini ambacho chini yake hazihesabu kitu.

Hilo la chaja linanifanya nisimame kidogo. Katika nyumba yetu chaja ndiyo iliyokuwa ikipigiwa kelele kuliko kitu kingine baada ya pasi. “Nani kaacha chaja?” lilikuwa swali la kila asubuhi. Chaja ya kisasa isiyo na simu huvuta kama sehemu ya kumi ya wati. Iache mwaka mzima na haitamaliza uniti moja. King'amuzi kimoja kilicholala ni sawa na chaja mia moja, na hakuna aliyewahi kukisemea neno, kwa kuwa tulikuwa tumekizima kwa rimoti na taa yake ilikuwa imegeuka nyekundu, na sote tulichukulia kwamba taa nyekundu maana yake ni kuzimwa. Maana yake ni kwamba kinasubiri.

King'amuzi kinastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu ndicho kilichoingia katika kila nyumba kwa wakati mmoja. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na Tanga ikafuata mwanzoni mwa 2013, na kuanzia hapo luninga pekee haikutosha tena. Unapokizima kwa rimoti, unachozima hasa ni picha. Ndani yake kinaendelea kupokea mawimbi, kutunza orodha ya vipindi, kuangalia kama kadi imelipiwa, na kusubiri amri ya rimoti. Chetu kilitumia karibu umeme uleule kikiwa macho na kikiwa kimelala. Ushahidi tulikuwa nao siku zote bila kuusoma: miezi ya kusi, Juni na Julai, alfajiri inapokuwa na ubaridi, paka wetu hulala juu ya king'amuzi. Hajawahi kulala juu ya luninga bapa. Ukitaka kujua nyumbani kwako ni kifaa gani kinakula kikiwa kimezimwa, kiguse kwa kiganja saa kumi na moja alfajiri kabla hakijawashwa. Joto lile lote ni umeme uliolipiwa.

Sabufa ina sababu yake nyingine. Fundi redio mmoja wa huku kwetu aliifungua mbele yangu akanionyesha transfoma, donge la chuma na waya wa shaba linalojaza kiganja, ambalo linapokea umeme moja kwa moja kutoka kwenye plagi. Kitufe cha mbele kinakata umeme baada ya transfoma, si kabla, kwa hiyo transfoma inabaki hai, inapata joto na kunguruma kwa sauti ndogo ambayo mtu huisikia tu nyumba ikiwa kimya. Kitufe cha kuikata kabisa kipo, lakini kiko mgongoni, na mgongo umeelekezwa ukutani. Ninamlaumu aliyeibuni kuliko kijana wetu.

Huko duniani jambo hili lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mtafiti Alan Meier, wa Lawrence Berkeley National Laboratory kule California, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipima kwa makini, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alipendekeza kwamba kifaa chochote kinachosubiri kisivute zaidi ya wati moja. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lililichukua pendekezo hilo mwaka 1999. Rais George W. Bush wa Marekani alisaini agizo mwaka 2001 la kuzitaka ofisi za serikali kuu zinunue vifaa vinavyofuata kipimo hicho pale vinapopatikana. Na Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati moja kwa vifaa vingi vya nyumbani mwaka 2010, kisha ukakipunguza hadi nusu wati mwaka 2013. Kwa nchi zilizoendelea kiasi kilichokuwa kikitajwa ni asilimia 5 hadi 10 ya umeme wa majumbani. Sisi tulikuwa na uniti 20 katika 98, na sababu si ngumu kuiona: luninga bapa ya sebuleni, iliyotengenezwa kwa masharti hayo, haina hatia, lakini luninga ya mama ilitoka kwenye mitumba na ni ya zama ambazo hakuna aliyekuwa anauliza.

Kuna jambo moja tumebarikiwa nalo bila kujua. Soketi zetu, za mtindo wa Kiingereza wa tundu tatu, nyingi zina swichi ukutani. Nchi nyingi za bara la Ulaya hazina, na mtu wa huko hulazimika kuchomoa plagi au kununua kifaa cha kukatia. Sisi tunazo, kisha tunazificha. Soketi ya sebuleni kwetu iko nyuma ya kabati la vyombo ambalo halijasogezwa tangu harusi ya dada yangu, na kutoka hapo imepita ekstensheni chini ya zulia. Nilinunua ekstensheni nyingine yenye swichi kwa shilingi 12,000, nikaipitisha ukingoni mwa ukuta, nikaiweka karibu na mlango kwenye kimo cha mkono, na humo nikachomeka luninga, king'amuzi, na kwa makubaliano maalumu, sabufa. King'amuzi na sabufa pekee vilikuwa vinatumaliza shilingi kama elfu tatu kwa mwezi vikiwa vimelala. Anayetoka mwisho sebuleni anagusa swichi moja.

Isiaminike kwamba mambo yalinyooka. Juma la kwanza mama alikosa mwanzo wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa sababu king'amuzi kilichozimwa ukutani huchukua dakika mbili kuamka, na dakika mbili kwa mama ni muda wa kutosha kukumbuka makosa yangu yote tangu utotoni. Tukakubaliana kiwashwe saa mbili kasorobo. Juma la pili nililipia kifurushi nikiwa kazini huku king'amuzi kimezimwa, na nilipofika nyumbani chaneli hazikufunguka mpaka kilipokaa kwa muda kikiwa kimewaka na kupokea ruhusa. Sasa tunalipia kikiwa hewani.

Kosa kubwa nililifanya mwenyewe. Usiku mmoja, kwa bidii ya mtu aliyeokoka karibuni, nilipita ukumbini nikizima swichi, na mojawapo ilikuwa ya friji ya mwalimu. Kulipokucha, vibua vya kilo tatu walivyonunua kwa ajili ya wageni vilikuwa vimeyeyuka na maji yake yamefika mlangoni. Nililipa samaki. Tangu siku hiyo swichi za friji zimepakwa rangi ya kucha nyekundu ya binti yangu, na ni marufuku kuzigusa. Friji haihusiki na habari hii hata kidogo. Ina kazi usiku kucha, na anayeizima ili kuokoa uniti mbili anahatarisha chakula cha siku mbili. Rauta nayo tuliijadili sana. Si kwamba inasubiri, inafanya kazi kweli, lakini inamfanyia kazi nani saa nane za usiku? Mwalimu alikubali kuizima anapolala. Wiki nyingine anasahau, na simsemi.

Mama ndiye aliyenishangaza. Nilipomweleza habari ya kuzima ukutani, alicheka. Miaka ya mgawo wa umeme, alisema, hakuna mtu aliyelala bila kuchomoa kila kitu, kwa sababu umeme ulikuwa unarudi kwa kishindo na kuunguza vitu. Luninga yetu ya kwanza ilikufa hivyo, na pamoja nayo redio kaseti ya baba. Kuchomoa ilikuwa desturi ya nyumba, kama kufunga komeo. Umeme ulipotulia, desturi ikafa, na vitu vya kuchomoa vikawa vimeongezeka mara tano. “Bandu bandu huisha gogo,” akasema, na akainuka kwenda kuzima luninga yake mwenyewe, mara ya kwanza kwa mkono tangu aijue rimoti.

Jirani yetu, mzee anayecheza bao barazani kwetu kila alasiri, anaona tumerogwa. “Binti yangu, bwawa la Mwalimu Nyerere hilo hapo, megawati 2,115, nawe wahesabu wati?” Nilimheshimu nikamjibu kwa hesabu ya karibu. Hale, kituo cha maji ya mto Pangani kilichoanza mwaka 1964, ambacho tunakipita tukienda Korogwe, kina uwezo wa megawati 21. Nyumba 580,000 zikiwa kama yetu usiku ule, zote zimelala na zimezima, zinameza Hale nzima. Mzee akatafakari, akasogeza kete, akasema nyumba 580,000 mjini Tanga hazipo. Ni kweli. Lakini nilimwambia pia kwamba bwawa ni la taifa na LUKU ni yangu, na hilo hakulipinga.

Mwezi wa kwanza tulitumia uniti 83. Wa pili, 79. Tunatafuta nne, na wastani ukitulia chini ya 75 nitakwenda kuomba turudishwe kundi la chini. Mke wa mwalimu, ambaye siku hizi ndiye anayeandika usomaji wa mita kila Jumapili kwenye karatasi iliyobandikwa ukumbini, ana hakika kwamba zimo kwenye mpira wa mlango wa friji yangu, kwa sababu ukifunga noti ya elfu moja mlangoni na kuivuta, inatoka bila kushikwa. Kesho anakuja fundi kuutazama. Pasi anapiga kama kawaida, kila alfajiri, robo saa, mlango wake ukiwa wazi.